Kipa Aliyetolewa kwa Beki wa Goti Bovu

Harufu ya glavu zilizolowa zikikaushwa karibu na jiko la mkaa ni harufu ya ajabu. Ni mpira, jasho na majivu, vyote kwa pamoja, na ukiivuta kwa muda inakukaa kooni kama umelamba soli ya kiatu. Juzi nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie aliye jirani na ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka kuyafuata. Dereva mmoja akaingia, akavua glavu zake za kazi na kuziegesha kwenye ukingo wa jiko. Mama ntilie akaanza kumfokea. Mimi nikajikuta nasema, "Ziache kidogo, dada." Wote wawili wakanitazama. Nikalipa, nikaondoka. Wewe unayesoma nitakueleza, kwa sababu una nafasi, na kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu bila kumpata mtu wa kumsimulia lote.

Baba yangu, Ezekia, alikuwa fundi wa matairi ya malori. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara inayokwenda mpakani: kontena lililokatwa dirisha, kompresa iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa, na rundo la matairi yaliyokwisha ambayo sisi watoto tulikatazwa kuyapanda na tukayapanda. Lakini hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Meneja, kwa sababu alikuwa meneja wa Tingatinga, timu ya mpira ya mtaani kwetu. Kazi ya matairi ndiyo iliyotulisha. Kazi ya umeneja haikumpa chochote, na ndiyo aliyoifanya kwa moyo wake wote.

Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Sikumbuki mengi ya msiba, zaidi ya kwamba wanawake wa kanisani walijaa jikoni kwetu siku kadhaa, wakaosha kila sufuria mpaka chini kule penye masizi, halafu asubuhi moja wakaaga wote kwa pamoja, na sufuria zikabaki zinang'aa. Tukabaki mimi na baba. Nilikuwa mtoto wa pekee. Baada ya shule nilikuwa nachukua ufunguo kwa jirani yetu, Mama Fredi, nafungua mlango, na jambo la kwanza nililofanya, hata kabla ya kuvua sare, lilikuwa kuwasha redio. Sikuwa nasikiliza. Nilitaka tu pawe na watu wanaongea. Tunduma ina upepo wa baridi unaoingia chini ya milango, na nyumba yetu jioni ilikuwa inapiga mluzi. Nilijifunza kupika ugali kwa kukosea, na baba aliula wote, mbichi kwa ulioungua, bila kusema neno.

Si kwamba hakunipenda. Hakujua tu aongee nini na mtoto wa kike. Kitu alichojua kukiongelea kilikuwa makipa. Tingatinga ilikuwa na washambuliaji wazuri, ilikuwa na viungo wenye akili, lakini golini palikuwa wazi kama soko siku ya gulio. Tulikuwa tunafunga mabao matatu na kufungwa manne. Baba alikuwa anarudi jioni, ananawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, anakaa, na kabla ya kuombea chakula anasema, "Tukipata kipa tu, mama." Aliniita mama, kama akina baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao. "Tukipata kipa tu, mambo yote yatakaa sawa." Mimi niliamini. Niliposikia mambo yote, nilidhani ni pamoja na ya nyumbani kwetu.

Hela ya kununua mchezaji hakuna timu iliyokuwa nayo, kwa hiyo mameneja walikuwa wanabadilishana watu. Nipe kipa wako, nikupe winga wangu. Kijana atatafutiwa kazi na mahali pa kulala huko anakokwenda. Baba alikuwa hodari wa kubadilishana, na mtaa mzima ulikuwa hodari wa kumhukumu. Hakimu mkuu alikuwa Baba Sinkala, mbadilisha fedha, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya karakana na bunda la kwacha za Zambia mkononi. "Meneja," alikuwa anasema kila badilishano likifanyika, "wewe unabadilisha watu kama mimi ninavyobadilisha kwacha. Tofauti yetu ni kwamba mimi napata faida." Watu wanacheka. Baba naye anacheka, huku anapiga tairi nyundo.

Badilishano la kwanza ninalolikumbuka, alimtoa winga wetu mwenye mbio kuliko wote na kumchukua kipa kutoka Mkwajuni, kijana mwenye viganja kama sinia, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alidaka vizuri. Lakini kila aliposikia kuna shimo limetema dhahabu, alipanda pikipiki usiku huo huo na kutuacha, na glavu za timu akiwa nazo. La pili, alitoa viungo wawili kwa kipa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Huyo alikuwa mcheshi sana; alikuwa akiingia kwetu anasema "Mulishani!" kwa sauti ya kujaza nyumba, nami nilijifunza kumjibu "Bwino" kabla sijajua ni salamu ya Kibemba. Alikuwa anapigiwa mpira, unapita, halafu anawageukia mabeki na kuwaeleza kwa utaratibu walikosea wapi. Akarudishwa kwao kabla mahindi hayajakauka shambani.

Wote hao walilala kwetu, kwenye chumba ambacho mama alikuwa akihifadhia magunia. Mtaa uliwahesabia mabao waliyofungwa. Mimi nilikuwa na mizani yangu: nani alikaa mezani tukiwa tunakula, nani aliniuliza habari za shule. Kwa mizani yangu yule wa Nakonde alikuwa kipa mzuri sana.

Halafu akaja Yona.

Baba alimtoa straika wetu, mfungaji aliyependwa mpaka na wachungaji, kwa kijana mwembamba wa Ivuna ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Baba Sinkala aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya hata malori yalipogongana. "Meneja, umetoa ng'ombe ukachukua kamba!" Yona alishuka kwenye lori lililobeba chumvi, na chumvi ilikuwa bado imemganda kwenye nyusi. Alikuwa na umri kama miaka kumi na tisa hivi, mpole, mwenye kuongea taratibu kama mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. Alinisalimia kwa kuinama kidogo, akauliza jina langu, nikamwambia Tabita. "Nina mdogo wangu anaitwa hivyo hivyo," akasema. Baadaye nilikuja kujua hakuwa na mdogo mwenye jina hilo. Aliona tu mtoto amesimama mlangoni peke yake.

Mchezo wake wa kwanza, Tingatinga haikufungwa. Wa pili pia. Yona hakurukaruka kama makipa wengine wanaotaka kupigiwa makofi. Mpira ulipofika, yeye alikuwa ameshafika. Siku ya mchezo wa tatu Baba Sinkala alinyamaza kipindi kizima cha pili, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Sawa. Hili umepata faida." Baba alirudi nyumbani siku hiyo anaimba pambio, sauti yote imepotoka, na mimi nikadhani sasa mambo yote yamekaa sawa.

Na kweli kwangu yalikaa. Mchana Yona alifanya kazi karakana, lakini alikuwa anatoka mapema kuliko baba, na mimi nikirudi shuleni sikuhitaji tena kuwasha redio. Alikuwa anafua glavu zake kwenye karai, anazikausha karibu na jiko langu, na hiyo harufu ikijaa jikoni ananisimulia mambo ya kwao. Alinieleza jinsi akina mama wa Ivuna wanavyokusanya udongo wenye chumvi, wanavyouchuja kwa maji, wanavyochemsha maji hayo siku nzima mpaka chumvi inabaki chini nyeupe, na jinsi moshi unavyofanya kila mtu kijijini aonekane kama ametoka kulia. Alinitengenezea mpira wa mifuko ya nailoni na kunifundisha kudaka ukutani, uani, mbele ya kila mtu. "Usiangalie miguu ya anayepiga," alikuwa anasema. "Miguu inadanganya. Angalia mpira." Nilidondosha mara nyingi kuliko nilivyodaka. Alikuwa anacheka bila kufungua mdomo, mabega ndiyo yanatikisika. Alinikagulia madaftari ya hesabu. Nikiumwa tumbo alikwenda kumwita baba mbio. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, kulikuwa na mtu nyumbani ambaye angejua kama sijarudi.

Tingatinga ikashika nafasi ya kucheza nusu fainali ya kombe la ng'ombe, mashindano ya timu za mitaa za mkoa mzima, mshindi anapewa dume la ng'ombe. Tulikuwa hatujawahi kufika huko. Watoto tulikuwa tunaimba jina la Yona njiani kwenda shule.

Kipindi hicho ndipo shangazi Eliza alipokuja kututembelea. Shangazi ni dada yake baba, mkulima wa kahawa huko Mbozi, mwanamke mrefu asiyekaa chini mpaka kazi iishe. Alikuja na ndizi, maharage, na kahawa ya kukaanga iliyofanya nyumba inukie mpaka kwa jirani. Alikaa wiki moja. Alikwenda bombani kuchota maji na wanawake wa mtaa, akarudi siku moja kimya, akatua ndoo kwa nguvu mpaka maji yakamwagika. Jioni nilimsikia akiongea na baba uani. Sikusikia yote. Nilisikia tu, "Ezekia, mtoto anakua." Baba akajibu kitu kwa sauti ya chini, shangazi akarudia, "Nakwambia mtoto anakua. Wewe huoni, lakini wengine wanaona."

Nilifurahi. Nilidhani wanaongelea nguo, maana gauni langu la kanisani lilikuwa limepanda juu ya magoti, na kesho yake shangazi alinipeleka sokoni akaninunulia jingine, refu mpaka miguuni. Nilizunguka nalo mbele ya Yona nimwonyeshe. Akasema limenipendeza, akaingia chumbani kwake. Siku hiyo hakunisimulia kitu.

Haikupita wiki, baba akatangaza. Alikuwa amembadilisha Yona na timu ya Mkwajuni, ile ile ya wachimbaji. Yona amepatiwa kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Sisi tumepata beki, anaitwa Daudi.

Nikueleze kuhusu Daudi, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wanne, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Aliweza kukwambia mvua itanyesha lini kwa kuligusa. Aliweza kucheza kipindi kimoja kama uwanja ni mkavu. Na tofauti na wachezaji wote waliopita, baba hakumleta kulala kwetu. Alimtafutia chumba mtaa wa pili. Chumba cha magunia kikafungwa.

Watu hawakucheka safari hii. Walikasirika. Karakana ilijaa kama kuna ajali. Wachezaji walitishia kugoma. Baba Sinkala alikuja akasimama mbele ya baba, uso umemvimba, bunda la kwacha limesahaulika mfukoni.

"Meneja, wewe ni mzima?" akauliza.

"Mimi ni mzima."

"Basi nieleze. Mimi si mtoto, nieleze. Kipa bora mkoa mzima, nusu fainali iko mlangoni, umemtoa kwa goti?"

"Tulihitaji beki," baba akasema.

"Beki!" Baba Sinkala akawageukia watu. "Mmesikia? Alihitaji beki!"

"Labda nimekosea," baba akasema, akachukua nyundo yake. "Mtu hukosea." Na hakuongeza neno jingine, si siku ile, si baadaye.

Yona aliondoka nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta amefagia uani na kunipangia kuni. Nilikaa kwenye mlango wa chumba cha magunia mpaka giza likaingia. Baba alinikuta hapo, akasimama, kisha akaenda kuwasha jiko mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshamhukumu. Hukumu yangu ilikuwa moja na ya mtaa mzima: baba yangu ni mjinga, hajui thamani ya mtu akiwa naye mkononi.

Ratiba ilipopangwa kwa kura, nusu fainali yetu ikaangukia kwa Mkwajuni.

Tulikwenda Vwawa kwenye uwanja kwa lori la mteja wa baba, tumesimama nyuma, vumbi linatuingia mpaka masikioni. Golini kwetu alisimama muuza mikate aliyekuwa na moyo mkubwa na macho mabovu. Golini kwao alisimama Yona. Nilishika waya wa uzio nikiwa sijui nishangilie nani. Daudi alicheza kwa machozi, nasema kweli, mtu mzima yule alikuwa anakimbia huku uso unalia kwa maumivu, na tukafika dakika za mwisho tukiwa sare ya bao moja kwa moja. Kisha tukapata penalti. Kapteni wetu akaiweka, akarudi nyuma, akapiga. Niliangalia mpira. Yona alikuwa ameshafika.

Wao wakaenda upande wa pili, wakafunga, na mchezo ukaisha. Watu wa Tingatinga walimzunguka baba, wakamzomea mtu mzima mbele ya mtoto wake. Mmoja alimtupia ganda la ndizi likamnasa begani. Baba alilitoa taratibu, akatafuta mahali pa kulitupa.

Mimi nilichomoka. Nilipita chini ya uzio na gauni langu refu, nikakimbia mpaka walipokuwa wachezaji wa Mkwajuni, nikamwita. Yona aligeuka. Nilikuwa nimetegemea mabega yatikisike, nilikuwa nimetegemea aulize hesabu zangu. Alitazama nyuma yangu, kule watu walikokuwa. Akaninyooshea mkono, mkono ulionyooka kabisa, kama unavyomsalimia mgeni wa kanisani. "Hujambo, Tabita. Soma sana," akasema. Baba alikuwa amefika. Yona akainamisha kichwa, "Shikamoo, Meneja," baba akaitikia, "Marahaba, kijana wangu," wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko salamu. Kisha Yona akaondoka na wenzake, na hakutazama tena nyuma.

Nililia njia nzima kurudi Tunduma. Watu wa lori walidhani nalilia mchezo, mmoja akanipa karanga.

Miaka ikapita kama inavyopita. Tingatinga ilivunjika, baba akazeeka, mimi nikasoma, nikaajiriwa, nikapanga chumba changu. Kisa cha kipa aliyetolewa kwa goti kikawa kichekesho cha mtaa, nami nikawa nakisimulia vizuri kuliko wote. Mwaka mmoja msimu wa kuvuna kahawa nilikwenda Mbozi kumsaidia shangazi. Tulikuwa tumekaa tunachambua buni, wasichana wengine wapo, nikaanza kukisimulia, na nilipofika kwenye goti wote wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alisubiri mpaka wasichana walipokwenda kuchota maji.

"Nani kakwambia baba yako alikuwa hajui usajili?" akauliza.

"Shangazi, kila mtu anajua."

"Mimi ndiye niliyemwambia amtoe yule kijana."

Akaendelea kuchambua, mikono haikusimama. Akanieleza kwamba siku ile bombani, Mama Fredi alikuwa amesema mbele ya wanawake, kwa kucheka, kwamba binti wa Meneja ana bahati, mchumba anafugiwa nyumbani kabisa. Wengine wakachangia. Mmoja akasema huwa wanacheza uani mchana hakuna mtu mzima. Nilikuwa darasa la tano.

"Alifanya nini Yona?" nikauliza.

"Hakufanya kitu. Hata wao walijua hakufanya kitu. Walikuwa kwenye foleni ya maji, midomo haina kazi. Lakini neno kama hilo likishatoka, mwanangu, halimwachi msichana. Na kijana linammaliza."

"Si angemhamishia chumba kingine tu?"

"Hilo nililisema mimi. Baba yako akakataa. Akasema, 'Eliza, nikimtoa nyumbani, kesho watauliza amefanya nini. Nikimtoa kwenye timu, watauliza mimi nimefanya nini.' Akafikiri siku tatu. Halafu akamtafuta mtu asiyefaa kabisa ili kelele zote ziende huko."

Niliuliza kama Yona aliambiwa. Shangazi akasema baba alimwita, akamweleza mwenyewe, kwa sababu hakutaka kumsafirisha mtoto wa watu kama mzigo. Yona akaomba jambo moja: mtoto asiambiwe.

Niliporudi Tunduma nilikwenda kwa baba. Nilimkuta kwenye kibanda cha Baba Sinkala, wazee wote wawili sasa, wanatazama mechi kwenye televisheni ndogo. Kipa alitema mpira, na Baba Sinkala, bila hata kugeuza kichwa, akasema, "Angekuwa kwako, Meneja, ungemtoa kwa goti." Baba akacheka. Nilimtazama akicheka. Kicheko kile kile nilichokisikia tangu utotoni, na sikuwahi kukisikiliza.

Tukiwa tunatembea kwenda kwake nikamwambia kwamba shangazi amenieleza. Bodaboda zilitupita, upepo ulikuwa unavuta koti lake.

"Shangazi yako ana mdomo," akasema.

"Baba, ulimwogopa Yona?"

"Hata siku moja. Yule alikuwa kijana msafi." Akasimama apumue. "Niliogopa maneno, mama. Na wewe hukuwa na mama wa kukusemea. Mimi ningesema nini bombani?"

Nilimwuliza kama anaona lilikuwa badilishano zuri. Swali la ajabu, lakini ndilo lililonitoka. Akalifikiria kwa makini, kama alivyokuwa akifikiria kila badilishano.

"Sijui," akasema. "Kipa kama yule sikupata tena. Kijana kama yule pia." Akaniambia Yona alirudi Ivuna, ameoa, ana ng'ombe, na kila Krismasi wanapigiana simu na kuongea mpira tu.

Mimi nami sijui. Nimejaribu kulipima badilishano lile kwa mizani zote nilizo nazo. Baba alilinda jina langu na la Yona, na akakubali kuitwa mjinga maisha yake yote. Hilo ni kubwa. Lakini mtu asiye na kosa ndiye aliyefungashwa, wenye midomo wakabaki na bomba lao, na mtoto akaachwa aamini kwamba hata anayekupenda anaweza kukupa mkono ulionyooka na kuondoka. Siwezi kusema kwamba faida ilizidi hasara. Naweza kusema tu kwamba aliyelipa zaidi hakuwa mimi.

Maana kuna jambo jingine, ambalo nilipokuwa mtoto niliona kero tu. Miezi ile baada ya Yona kuondoka, baba aliacha kukaa na wenzake karakana jioni. Alikuwa anarudi jua halijazama, anavuta kigoda, anakaa jikoni karibu na mlango, hasemi kitu. Nilidhani ananichunga. Nilidhani anahakikisha sichezi. Nilikuwa nampakulia chakula chake, nachukua sahani yangu, naenda kula chumbani kwangu na mlango nimeurudishia. Leo naelewa kwamba alikuja kukaa mahali alipopafanya pawe patupu, akiwa hana neno hata moja ambalo angeweza kuniambia. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali moja. Nilikuwa nasikia kijiko chake kikigonga sahani, na yeye, bila shaka, alikuwa anakisikia changu.